Sauti Haikupotea, Njia Ndiyo Iliyokatika

Mtu akiishi miaka mingi katika nchi ya vumbi na barabara za changarawe, hujifunza kwamba chombo kikongwe hakifi kwa siku moja. Huanza kupoteza kiungo kimoja kimoja, kama sisi wazee. Leo kioo cha mlango hakipandi, kesho taa moja ya nyuma haiwaki, keshokutwa redio inaimba upande mmoja tu. Mwenye gari huzoea, abiria nao huzoea, na maradhi madogo huhesabiwa kuwa tabia ya gari. Lakini iko siku ambapo dogo hilo lililozoeleka husimama kati ya mtu na kitu cha thamani, na hapo ndipo mtu hutambua kwamba hakuwahi kujiuliza ugonjwa umekaa wapi.

Katika insha hii nataka kuzungumza juu ya tundu dogo sana lililo usoni mwa redio nyingi za gari, lililoandikwa herufi tatu: AUX. Kazi yake ni kuingiza sauti kutoka nje, kwa mfano kutoka katika simu, kwa njia ya waya. Msomaji asishangae mwalimu mstaafu kuandika habari za waya. Nilifundisha shule za msingi za Mbulu na Hanang kwa zaidi ya miaka thelathini, mingi kati yake nikiwa mwalimu mkuu, na naona jambo lililonifanya niandike haya ni jambo la ualimu zaidi kuliko la ufundi.

Kwanza nieleze kwa nini tundu hili ni la maana kwetu. Magari mengi yanayobeba watu kati ya Katesh, Dareda, Dongobesh, Mbulu na Haydom yamenunuliwa Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Kule Japani redio za FM zilitengenezwa kupokea mawimbi kuanzia 76 hadi 90, ambapo hapa kwetu vituo vimepangwa kuanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo gari likifika na redio yake ya asili, sehemu kubwa ya vituo vyetu haisikiki kabisa. Wenye magari huzing'oa redio hizo na kuweka nyingine za bei nafuu, na hizi nyingi huja na tundu la AUX. Tangu siku hiyo dereva haitegemei tena redio yenyewe, bali hutegemea simu yake na waya.

Gari ninalolisema ni Toyota Noah ya mpwa wangu, la mwaka 1999. Nalo lilikuwa na habari yake.

Mwaka 1992 baba yangu mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, alisimama kwenye mkutano wa ukoo na kutoa slufay. Kwa wasioijua, slufay ni dua na baraka za Wairaqw, zinazotolewa na mzee mwenye ulimi, naye husema fungu kwa fungu huku watu wakiitikia pamoja. Humo mna maneno ambayo vijana wetu leo hawayatumii, majina ya milima na mito, na heshima ambayo huwezi kuitafsiri kwa Kiswahili ukabaki nayo yote. Nilikuwa na redio kaseti, nikainasa. Kanda ile alikaa nayo dada yangu mjini Katesh, na miaka kadhaa baadaye mwanawe, yaani mpwa wangu huyu, aliipeleka Babati ikahamishiwa katika kadi ya kumbukumbu ya simu, ile ambayo vijana huiita memori.

Ndipo ikaja Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, sehemu ya Mlima Hanang ikameguka, na tope, mawe na magogo yakateremka alfajiri juu ya Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Dada yangu alinusurika, lakini sanduku lake lilikwenda na tope pamoja na kanda ile. Simu ya mpwa wangu ilitolewa majini; ikakaushwa, ikawaka, ila spika yake ilikuwa imekufa. Kadi iliyokuwa ndani yake ilikuwa nzima. Basi sauti ya baba mkubwa ilibaki mahali pamoja tu duniani, katika kipande cha plastiki kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

Mwaka uliofuata tulipanga safari ya kwenda karibu na Dongobesh kwa baba yangu mdogo, ndugu wa mwisho wa baba aliyebaki hai, mwenye miaka zaidi ya tisini. Masikio yake ni mazito, na simu ukimwekea sikioni huitoa na kuitazama. Tukakubaliana kwamba tutamketisha ndani ya gari, tufunge milango, tumsikilizishe kaka yake kwa spika kubwa. Asubuhi ya safari mpwa wangu akachomeka waya ili ajaribu. Wimbo wa kwaya ukatoka, magitaa na ngoma vikisikika vizuri, lakini waimbaji walikuwa mbali kama watu walio kisimani. Alipoiweka slufay, hakikutoka kitu. Ulisikika mvumo mwembamba wa kanda, basi.

Tulikwenda kwa fundi mmoja wa redio pale mjini, kijana mwenye adabu na mikono mepesi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Tazama ugonjwa huu."

Alisikiliza kwa dakika moja, akatikisa kichwa. "Nyimbo zinapiga, kwa hiyo redio ni nzima na waya ni mzima. Hili faili ndilo limeharibika. Memori ina virusi, Mwalimu. Tuifute yote, halafu mtaingiza upya."

Kuingiza upya kutoka wapi? Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuitoa kadi na kumnyooshea. Nikaichukua mimi, nikaiweka katika mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Sikufanya hivyo kwa kuwa najua umeme kuliko yule kijana. Nilifanya hivyo kwa sababu ya kanuni moja niliyofundishwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, nami nikaitumia maisha yangu yote: usitoe hukumu isiyoweza kurudishwa kabla ya kumaliza maswali yanayoweza kurudiwa. Kufuta kadi hakurudishwi. Kubadili waya, kuazima simu, kusikiliza kwa chombo kingine, yote hayo yanarudiwa hata mara kumi bila hasara.

Nilikuwa nimeijaribu kanuni hiyo zamani kwa redio yenyewe. Mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya Radio Tanzania Dar es Salaam juu ya malaria, kichocho, kuhara na uchimbaji wa vyoo. Nilikuwa kijana, nikipewa kikundi na redio moja. Siku redio ilipokaa kimya, wazee walisema Dar es Salaam wamelala. Mimi nilimtuma mtoto kwa jirani mwenye redio, aje na jibu moja tu: kwake inasema au haisemi? Ikiwa kwake inasema, Dar es Salaam wako macho, na ugonjwa uko kwetu. Baada ya hapo tulitazama betri, kisha vibano vya betri, kisha swichi. Kila mara tuligusa kitu kimoja, tukasikiliza, ndipo tukagusa kingine. Ukibadili vitu vitatu kwa pamoja na redio ikasema, umepata sauti lakini hujapata elimu, na kesho itakapozima tena utaanza mwanzo.

Basi pale kwa fundi nikaomba hedifoni. Tuliirudisha kadi katika simu, tukachomeka hedifoni katika tundu la simu. Baba mkubwa akasema. Alisema waziwazi, kwa kishindo chake kilekile, na nyuma yake watu waliofariki zamani wakaitikia. Nilimpa fundi asikie, naye akakaa kimya kidogo. Swali la kwanza lilikuwa limejibiwa: chemchemi ina maji. Lililobaki lilikuwa mfereji.

Nikamgeukia mpwa wangu. "Mara ya mwisho kuisikia hii ndani ya gari ilikuwa lini?"

"Juzi, mjomba, nikitoka Basotu. Ilisikika, ila kulikuwa na mluzi."

"Mluzi wa namna gani?"

"Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka."

"Na juzi ulifanya nini ambacho leo hukukifanya?"

Akafikiri. "Juzi simu ilikuwa inachaji."

Tukawasha injini, tukachomeka chaja katika tundu la kiberiti cha sigara, na waya wake katika simu. Sauti ya baba mkubwa ikajaa gari, na mluzi juu yake. Tukachomoa chaja. Kimya. Tukachomeka tena. Akarudi. Hapo fundi alitabasamu, kwa maana fundi mzuri akioneshwa mlango haongojwi kusukumwa. "Ardhi," alisema. "Ardhi ndiyo imekatika."

Naomba msomaji anivumilie nieleze, kwa kuwa hapa ndipo penye utamu. Tazama kichwa cha waya wa AUX. Utaona kimegawanywa kwa mistari miwili midogo kuwa sehemu tatu. Ncha hupeleka sauti ya spika za kushoto. Pete ya katikati hupeleka ya kulia. Shina hapeleki sauti ya upande wowote. Ndilo njia ya kurudi kwa zote mbili, na mafundi huliita ardhi. Umeme wa sauti, kama umeme wowote, hauendi bila njia ya kurudi. Umbo hili la kichwa ni la zamani kuliko magari yetu, maana lilianzia kwenye mitambo ya simu ya karne ya 19, ambako waunganishaji walichomeka waya ubaoni ili watu wawili wazungumze.

Sasa njia ya kurudi ikikatika, sauti ya kushoto hutafuta kurudi kwa kupitia kulia, na ya kulia kupitia kushoto. Zinakutana. Mfano wake ni watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili. Wakiwa na nguvu sawa, mlango hausogei. Mmoja akiwa na nguvu zaidi, mlango husogea kwa kiasi cha ile tofauti. Katika wimbo wa kisasa magitaa na ngoma hugawanywa, hiki zaidi kushoto, hiki zaidi kulia, kwa hiyo tofauti yake husikika. Mwimbaji mkuu huwekwa katikati, sawa pande zote, kwa hiyo hufifia. Na kanda ya kale iliyonaswa kwa kipaza sauti kimoja huwa sawasawa kabisa kushoto na kulia. Hiyo hujifuta yenyewe. Ndiyo maana nyimbo za vijana zilipiga na mzee akanyamaza, ingawa wote walitoka katika kadi ileile. Chaja nayo ilirudisha sauti kwa kuwa waya wake hasi unaungana na bodi ya gari, ukaipatia simu njia nyingine ya kurudi. Lakini njia hiyo hupita mahali penye msukosuko wa altaneta, na mluzi ule ndio uliokuwa nauli yake.

Tulijaribu waya mwingine, ugonjwa ukabaki. Kwa hiyo waya haukuwa na lawama. Fundi akatoa waya hasi wa betri kwanza, kama inavyotakiwa, akaivuta redio kutoka dashibodi. Vumbi la njia za Mbulu lilikuwa limejaa ndani kama unga. Nyuma ya tundu, miguu miwili ilikuwa imeshika vizuri. Mguu wa tatu, ule wa ardhi, ulikuwa na ufa mwembamba kuzunguka risasi iliyoushikilia, ufa wa miaka ya kutikiswa. Alisafisha kwa spiriti na pamba, akaacha pakauke, akalehemu upya. Kazi yenyewe haikuzidi robo saa.

Nataka kusema jambo moja juu ya hukumu ya mwanzo ya yule fundi, kwa sababu ni hukumu niliyoisikia mara nyingi mahali pengine. Alisikia kimya, akasema mule ndani hamna kitu. Walimu wengi husema hivyohivyo juu ya watoto. Katika wilaya hizi mbili mtoto anaweza kufika darasa la kwanza akiwa amesikia Kiiraqw au Kidatooga nyumbani tangu azaliwe, na Kiswahili amekisikia gulioni tu. Mwaka 1976, katika shule moja ya Hanang, mwalimu wa darasa la kwanza aliniambia kwamba kijana mmoja wa Kidatooga hana akili, maana kwa miezi mitatu hakujibu swali lolote la hesabu. Nilimwita mwanafunzi wa darasa la tano aliyejua lugha zote mbili, tukaketi chini ya mti. Nikamwambia amuulize mtoto yule nyumbani kwao wako ng'ombe wangapi. Mtoto hakusema idadi. Alianza kuwataja mmoja mmoja, kwa rangi na kwa pembe, nami nikipiga kistari ardhini kwa kila mmoja. Wakafika 43. Akasita, akatoa mmoja aliyeuzwa. Hesabu ilikuwamo, na ya kujumlisha na ya kutoa. Maneno ya mwalimu yalimfikia, lakini hapakuwa na njia ya kurudisha jibu. Mwalimu wake, ambaye alikuwa mwema, alimbadilishia mahali pa kukaa, akamweka karibu na mwenzake mwenye lugha mbili, na mwaka uliofuata mtoto alikuwa akinyosha mkono kama wengine.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipata gari kongwe ambalo AUX yake inakusumbua, usianze kwa kununua redio nyingine, na usikubali kufutiwa kitu chochote. Fuata njia kutoka chemchemi hadi bomba. Tazama kwanza kama redio imechaguliwa kusoma AUX. Ziko redio ambazo betri ikitolewa huisahau, na inabidi uingie katika mipangilio yake na kuiruhusu upya. Ongeza sauti ya simu yenyewe, maana mara nyingine iko chini na watu wanailaumu redio. Sikiliza simu kwa hedifoni. Jaribu simu ya mwenzako kwa waya uleule, kisha simu yako kwa waya mwingine, na tazama kichwa cha huo waya: chenye sehemu nne, kilichotengenezwa kwa ajili ya hedifoni zenye kipaza sauti, huweza kutokaa sawa katika tundu la sehemu tatu. Sauti ikiwa upande mmoja, shuku waya uliokatika au uchafu tunduni. Sauti za watu zikizama huku ala zikibaki, shuku ardhi. Kukiwa na mluzi unaofuata injini, chomoa chaja. Tunduni usichokoe kwa sindano wala msumari. Kijiti chenye pamba na spiriti kidogo kinatosha, na redio iwe imezimwa. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha usikilize.

Tulifika kwa baba mdogo saa kumi jioni. Tulimketisha kiti cha mbele, tukafunga milango. Mwanzoni alitazama dashibodi kwa mashaka. Slufay ilipofika fungu la pili aliinua kichwa, na mahali watu wanapoitikia, akaitikia. Aliitikia hadi mwisho, bila kukosa hata mahali pamoja, naye hakuwa ameisikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Ilipokwisha aliuliza kama tunaweza kumwambia kaka yake aanze tena. Tukaianza tena, na safari hii wajukuu waliokuwa nje walisogea madirishani, na mmoja wao akaanza kuuliza maana ya maneno.

Sauti ile sasa iko katika simu saba za watu wa ukoo, na kwenye kompyuta ya shule moja ya sekondari ambako binti wa mpwa wangu anafundisha. Aliyeuliza maana ya maneno anakuja kwangu kila Jumamosi na daftari. Tumefika fungu la nne. Pana neno moja mle ambalo hata mimi silijui, na baba mdogo ndiye peke yake anayeweza kutueleza. Kwa hiyo safari ya Dongobesh itakuwapo tena kabla ya masika.